Baraka Waliyotaka Kuifuta

Maziwa yalianza kutoka kabla mtoto hajalia. Mwanamke aliyewahi kunyonyesha anajua: mwili unasikia kilio kikiwa bado njiani. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele kabisa, nimevaa gauni la samawati nililolinunua kwenye maduka ya Karama, hapa Dubai, kwa ajili ya siku hiyo tu, na mbele yangu wanaume wa kanisa walikuwa wamesimama duara, wamembeba binti yangu katikati. Yeye sikumwona. Niliona migongo. Migongo ya suti, mikono juu ya mabega, wamebanana kama watu wanaokinga kiberiti kisizimwe na upepo.

Halafu akalia, na kifua changu chote kikalowa.

Niseme mapema ni kanisa gani, usije ukapotea. Watu wa nje wanatuita Wamormoni. Sisi hatubatizi watoto wachanga. Mtoto akizaliwa analetwa mbele Jumapili ya kufunga, ile ya kwanza ya mwezi. Wanaume wenye ukuhani wanamzunguka, kila mmoja anaweka mkono mmoja chini yake na mwingine kwenye bega la jirani, wanamrusharusha taratibu asilie, na mmoja wao anataja jina lake na kumtamkia baraka. Ukuhani kwetu si kazi ya mtu mmoja aliyevaa joho. Anapewa kila mwanamume anayeishi vizuri, awe dereva, awe mhasibu. Mvulana anaanza kuupata hata ndevu hajaota. Mwanamke hapewi. Mama anakaa kwenye benchi. Kabla sijazaa sikuwahi kuona kama hilo ni jambo. Nilikuwa naangalia watoto wa wenzangu wakibarikiwa huku nikiwaza chapati, maana siku hiyo hatuli mpaka jioni.

Mume wangu si wa kanisa letu. Ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, na kazi yake ni ulinzi kwenye jengo la maduka, kusimama mlangoni kwa watu na kusema "good morning, sir" kwa wasiomjibu. Alibadilishana zamu ili awepo. Kwa kuwa hana ukuhani wetu, na yeye alikaa benchi. Alipoona duara linafunga aliniinamia.

"Sasa mimi baba nakaa wapi hapa?"

"Hapa. Na mimi."

"Na hao ni akina nani?"

"Ni ndugu."

"Ndugu za nani?"

Nikamwambia nyamaza, watu wanaomba.

Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa mapema, sitaki mtu afikiri niliamka tu na hasira. Mtoto akiwa bado na kitovu nilimfuata askofu wetu baada ya ibada. Askofu kwetu halipwi; wiki nzima ni bosi kwenye kampuni ya mizigo, wanaume wazima wanamwita sir, na Jumapili unamkuta anapanga viti. Mtu mpole. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mkali ungemchukia ukalala.

"Nataka nimshike mwenyewe," nilimwambia. "Nyinyi mzunguke, mseme yote mnayotaka. Mimi nimshike tu. Sitafungua mdomo."

"Dada, ingekuwa ni mimi..."

"Si ni wewe?"

"Mwongozo hauruhusu. Anayemshika anashiriki. Na anayeshiriki lazima awe na ukuhani."

"Siku ya leba nilikuwa nashiriki nini?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema ananielewa, akasema kazi ya mama ni takatifu kuliko hata ya duara, akasema ataomba juu ya jambo hilo. Nikarudi chumbani kwetu Al Nahda na mtoto wangu kifuani. Nilijua ameshaomba na ameshajibiwa, zamani, na watu waliokufa.

Aliyenifungua macho ni mwanamke mmoja mzee wa kanisani, Mmarekani kutoka kule kanisa lilikoanzia kuota mizizi, mwenye mume mhandisi anayefanya kazi za mikataba hapa Dubai. Kanisani sote ni Dada na Ndugu, hata mtu awe na umri wa nyanya yako. Ulimi wangu ulikataa. Mama yangu, aliyebatizwa kabla yangu kule nyumbani Bungoma, hakunilea nimwite Dada mtu mwenye mvi. Nikamwomba nimwite Shosho, nikamweleza kwamba Kenya ndivyo tunavyomwita nyanya. Alifurahi, akaanza kujiita hivyo kwenye simu: "Hapa ni Shosho."

Kwetu mwanamke akijifungua kina mama wa kanisa wanapokezana kumletea chakula. Zamu yake ilipofika alipanda na trei ya tambi zilizookwa na jibini. Sisi tunaishi kwenye partisheni, chumba kimekatwa kwa mbao, upande wetu una dirisha na upande wa pili kuna dada Mganda anayesuka nywele. Mganda akafunua foili, akachungulia.

"Nyabo, hii chakula walipika ama walipiga pasi?"

Shosho akacheka bila kuelewa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akachukua miguu ya mtoto mikononi mwake, akaniuliza nina nini. Nikamweleza ya askofu. Tuliongea Kiingereza, chake cha puani, changu cha kidato cha nne.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini kama vile zile mbao zina masikio, na kweli zina:

"Bibi wa mama yangu alikuwa anabariki."

"Anabariki nini?"

"Wanawake. Kabla hawajajifungua."

Nikafikiri ni uzee. Akaniambia sikiliza. Zamani, kule kwao, kabla wazazi wake hawajazaliwa, mwanamke akikaribia kuzaa wenzake wa kanisa walikuja nyumbani. Walimwosha kwa maji ya vuguvugu. Walimpaka mafuta yaliyoombewa, na kila walipopaka walisema neno: mgongo ustahimili, nyonga zifunguke, maziwa yatoke, mtoto aje mzima. Halafu waliweka mikono kichwani kwake na kumbariki kwa jina la Bwana. Hakuna mwanamume chumbani. Wagonjwa pia waliwawekea mikono, na watoto wa jirani wenye homa.

"Kwa ukuhani?"

"Kwa imani. Ndivyo walivyosema wenyewe. Kwa imani, kwa jina la Yesu."

"Na wakubwa wa kanisa walijua?"

"Walijua. Wake zao walikuwa humohumo."

Akaendelea. Wanawake hao walikuwa na gazeti lao, wakiandika humo wenyewe kwamba mwanamke si samani ya nyumba. Walipiga kura wakati wanawake wengi wa nchi yao bado wanachungulia dirishani. Walijenga maghala yao ya ngano. Waliwatuma wenzao kwenda kusomea udaktari, wakaacha watoto kwa dada zao. Mimi nilikuwa nasikiliza mdomo wazi. Miaka yote ya Jumapili, madarasa yote ya kina mama, tumefundishwa kuhifadhi maharage na kutabasamu. Hakuna aliyesema maghala yale yalikuwa ya nani.

"Ikawaje?" nikauliza. "Nani aliwakataza?"

"Hakuna siku moja. Kwanza wakubwa walisema ni vizuri. Halafu ni vizuri lakini ni bora waitwe wazee, wanaume wenye ukuhani. Halafu bora msifanye. Mwishowe hata waliowahi kufanya wakaacha kusimulia. Mama yangu alinisimulia jikoni, bomba la maji likiwa wazi."

Nikafurahi. Kweli nilifurahi, nikawa namwona kama mtu aliyekuja na ufunguo. Mpaka akaniambia habari yake.

Alipokuwa na umri wangu, kule kwao kuliitishwa mkutano mkubwa wa haki za wanawake. Kanisani wakaambiwa kina mama waende kwa wingi. Wakapanda mabasi alfajiri, wengine na watoto wachanga, yeye akiwa na wa kwanza begani. Waliambiwa jambo moja: kila kitakachosomwa, kataeni. Na alikataa. Kilisomwa kitu, akainua mkono. Kikasomwa kingine, akainua mkono. Mengine yalikuwa mambo ya maana kabisa, mambo ambayo hata mama yake angeyakubali, hakuyasikiliza. Mkono mmoja ulishika mtoto na mwingine ulikuwa juu.

"Baadaye nilisoma mambo hayo," akasema. "Wenzangu wengine walisoma mapema kuliko mimi. Walioongea kwa sauti waliitwa ofisini. Wengine walitolewa kanisani."

"Na wewe ulifanya nini?"

Akatazama trei ya tambi.

"Niliwapelekea chakula."

Nilimwonea aibu, ile aibu ya kumwona mtu mzima amevuliwa nguo mbele yako, na papo hapo hasira ikanipanda. Umekaa na haya yote miaka hiyo yote, umekula sakramenti kila Jumapili, na unakuja kunipa mimi niliye na mshono? Nikamuuliza anataka nifanye nini. Akasema hataki nifanye kitu. Akabusu mtoto kichwani, akaenda.

Basi, turudi kwenye benchi.

Kwa kuwa mume wangu hakuweza, askofu alimchagua ndugu mmoja aseme baraka. Mtu mwema, baba wa wavulana watupu, kila baada ya muda anasimama pale mbele na mvulana mwingine. Baraka zetu hazisomwi popote, mtu anasema kadiri anavyoongozwa, lakini ukishasikia nyingi unajua zinavyokwenda, kama matangazo ya ndege. Mtoto wa kiume anatamkiwa mambo ya kiume, wa kike ya kike. Yule ndugu akataja jina la binti yangu, akalitaja vizuri kabisa, nikashukuru. Akambariki afya. Akambariki akili. Na mtoto analia, na wao wanazidi kumrusha, na sauti yake nayo ikapanda ili ishindane na kilio, ikaingia kwenye ile njia iliyoizoea.

"Na tunakubariki kwamba wakati wako ukifika uupokee ukuhani, na uutumie kwa heshima, na usimame kama kichwa cha nyumba yako."

Kanisa likawa kimya. Hata mtoto alinyamaza, nadhani alikuwa anavuta pumzi.

Na mimi, sijui nieleze vipi, kwa pumzi hiyo moja nilisimama. Si kwa miguu. Kitu ndani yangu kilisimama wima. Nilifikiri: Mungu amepita.

Kisha mtoto fulani nyuma akacheka. Mama yake akamnyamazisha, akacheka na yeye. Kicheko kikaja mbele benchi kwa benchi, cha kuzibwa na leso, cha kukohoa, mabega ya suti yakaanza kutikisika, na binti yangu anatikisika mikononi mwao. Yule ndugu shingo yake ikawa nyekundu.

"Tunaomba radhi, Baba wa Mbinguni," akasema. "Maneno hayo tunayaondoa. Tunambariki binti huyu kwamba wakati wake ukifika aolewe na mwanamume mwema, mwenye ukuhani, atakayeuleta nyumbani kwake. Kwa jina la Yesu Kristo, amina."

"Amina," likajibu kanisa.

"Amina," nikasema.

Na kabla ya hiyo amina nilikuwa nimecheka. Hilo ndilo ningependa kulificha. Wote walikuwa wanacheka, wananiangalia kwa huruma ya kirafiki, na uso wangu ukafanya kile uso wa mwanamke unachofanya watu wakicheka: ulicheka nao. Gauni limelowa mpaka tumboni, madoa mawili makubwa, na mimi natabasamu kama niliyepewa zawadi ya mshindi wa tatu.

Ni desturi baada ya baraka wamnyanyue mtoto juu, kanisa lote limwone. Wakamnyanyua. Kipara chake, gauni lake jeupe, mdomo wazi. Yule ndugu akanirudishia, akaona kifua changu, akageuza macho kwa adabu, na adabu hiyo iliniumiza kuliko angetazama.

Tuna chumba cha kina mama wanaonyonyesha, nyuma, chenye viti vya kubembea na spika ukutani ili usikose mahubiri. Nilikaa humo nikinyonyesha na kumsikia mtu akitoa ushuhuda kuhusu baraka ya kuwa na mume. Sikulia. Nilijifuta kwa nepi.

Mume wangu alikuwa ananisubiri kwenye korido, ameegemea ukuta kama yuko kazini.

"Twende," nikamwambia.

"Yule jamaa amesema msichana wangu asiolewe na mtu kama mimi."

"Hakusema hivyo."

"Amesema nini?"

Nikalivuta gauni lisinigande kifuani.

"Kiingereza nasikia," akasema. "Na wewe ukaitikia amina. Nilikuwa karibu. Nilikusikia."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningemjibu, mdomo ninao. Alimchukua mtoto, akamfunga blanketi vizuri, na kwenye metro aliomba watu wanipishe nikae. Alisimama mbele yangu mpaka tunashuka, mgongo wake umeziba lile gauni watu wasilione. Sina neno la kusema juu ya mgongo ule. Nilikuwa nimetazama migongo asubuhi nzima, na huo ndio pekee uliokuwa wangu, na nilikuwa nimeitikia amina ya kuukataa.

Jioni mama akapiga kutoka Bungoma.

"Mjukuu wangu amebarikiwa?"

"Amebarikiwa, mama."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Kazini, kliniki ya meno Oud Metha, nilikokuwa nimesharudi kuosha vifaa na kuita wagonjwa, ile aibu ilinifuata kama harufu ya dawa. Nachemsha koleo, nakumbuka kicheko changu. Naita jina la mgonjwa, nasikia amina. Ikawa nikimnyonyesha mtoto sithubutu kumtazama machoni, kama vile anaweza kuniuliza. Unajua aibu ya kushikwa ukiiba? Ile inapita. Hii ni ya kushikwa ukiibiwa, na wewe ndiye umeshika mlango.

Katikati ya wiki askofu akapiga. Alisema ndugu yule anajisikia vibaya sana, hata kula hali vizuri.

"Mimi nakula?" nikamuuliza.

Akaniomba nipite ofisini kwake Jumapili. Nilipita. Mlango wa ofisi una kioo, na mtoto alikuwa mapajani mwangu anatafuna ukosi wa blauzi.

"Tungependa kurudia baraka," akasema. "Jumapili ya kufunga ijayo. Ili iwe safi. Ili asikue akiambiwa siku yake ilikuwa kichekesho."

"Niruhusu nimshike."

"Dada, tumeongea juu ya hilo."

"Basi hatutarudia."

"Lakini maneno yale..."

"Si aliyaondoa palepale? Kila mtu alisikia."

"Ndiyo, aliyaondoa."

"Khalas. Yameondoka. Mnarudia nini?"

Akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Na hapo ndipo nilipomwona, mtu mzima, bosi wa malori, anaogopa. Hakuwa na hakika. Maana tangu tukiwa wadogo tunafundishwa kwamba neno lililosemwa na mwenye ukuhani, kwa jina lile, juu ya kichwa cha mtu, si maneno tu. Linafanya kazi. Kama linafutika kwa kusema samahani, basi halina nguvu, na sisi tunafunga njaa kila mwezi kwa ajili ya hewa. Na kama lina nguvu, basi liko kichwani kwa binti yangu. Askofu alikuwa amekwama hapo katikati na alitaka mimi nimtoe.

"Nitaipanga hata hivyo," akasema mwishowe, kwa upole wake ule. "Ndugu watakuwa tayari. Usipomleta nitaelewa."

Usiku huohuo nilimwambia mume wangu. Akasema, "Hilo ni kanisa lako," na akageukia ukuta. Kwa hiyo nikampigia Shosho.

"Jumapili ya kufunga nitasimama kwenye ushuhuda," nikamwambia. "Niseme baraka ibaki ilivyo. Usimame na mimi. Uwaambie ya bibi wa mama yako. Mimi wataniona mtoto mwenye hasira. Wewe watakusikiliza."

Nilisikia anapumua.

"Mume wangu ana wadhifa kanisani sasa," akasema. "Na tumebakiza muda mfupi hapa. Nikuletee..."

Akaishia hapo. Sote wawili tulijua alichotaka kuniletea.

"Usijali, Shosho," nikasema, nikakata simu, nikamtukana moyoni kwa Kibukusu. Halafu nikaona aibu ya kumtukana. Mimi ni nani? Yeye aliambiwa inua mkono akainua. Mimi hata sikuambiwa nicheke.

Jumapili ya kufunga mwanamke anaruhusiwa jambo moja ambalo siku nyingine lazima aombwe: yeyote anaweza kupanda mimbarini na kutoa ushuhuda. Hakuna anayekuzuia. Watu husema wanavyoipenda familia yao, mtoto husema anajua kanisa ni la kweli huku mama yake akimnong'oneza sikioni. Mume wangu alikuwa zamu. Kabla hajaondoka alilitoa lile gauni la samawati nililokuwa nimelisukumia chini ya kitanda, akalipiga pasi.

"Vaa hili," akasema. "Madoa yalitoka."

Askofu alianza kwa matangazo. Akasema kuna mtoto atakayebarikiwa, akanitazama. Nikatikisa kichwa kukataa. Duara la wanaume lililokuwa limeanza kuinuka likarudi kukaa, suti moja baada ya nyingine. Sakramenti ikapita. Kisha mimbari ikafunguliwa kwa ushuhuda, na kabla mtu yeyote hajainuka nilikuwa kwenye ngazi, na mtoto mikononi.

Wanaume walikuwa wamenikatalia nisimame pale mbele na binti yangu. Sasa nimesimama pale mbele na binti yangu, na hakukuwa na kifungu chochote cha kunishusha. Niliona kila mtu. Yule ndugu na wavulana wake wamejipanga kama vikombe. Shosho, karibu na mume wake, anatazama mapaja yake.

"Huyu ni binti yangu," nikasema. "Mwezi uliopita mlimbariki na tukacheka. Mimi pia nilicheka. Nimeona aibu tangu siku hiyo. Baba yake alikuwa amekaa hapo, na mkamtakia binti yake mume asiye kama yeye, na mimi nikaitikia amina. Hiyo amina nairudisha kwangu leo, mbele yenu. Ilikuwa yangu."

Nikameza mate. Mtu aliyefunga hana mate ya kutosha.

"Mliniambia baraka irudiwe. Sitaki. Neno la kwanza lilisemwa, na sisi wote tulilisikia, na aliyelisema ni mtu mwema mwenye ukuhani. Zamani wanawake wa kanisa hili walikuwa wanawekeana mikono na kubariki. Sikuambiwa hilo darasani. Nimeambiwa kitandani. Sijui Mungu anataka nini na binti yangu, na nyinyi hamjui. Kwa hiyo neno lile libaki. Lisiondolewe. Nasema haya kwa jina la Yesu Kristo, amina."

"Amina," likajibu kanisa.

Walijibu kwa sababu hivyo ndivyo midomo yetu inavyofanya. Ukisema jina lile na neno lile, watu wetu wanaitikia, hata wawe wamesinzia, hata uwe umetaja bei ya nyanya. Imo kwenye taya. Ilitoka vifuani mwao wote kwa pamoja, nene, na ya askofu nyuma yangu niliisikia wazi. Kisha nikaona nyuso zikifahamu walichoitikia, moja baada ya nyingine, na hakuna mtu aliyecheka.

Halafu, kimya kikiwa kimeshakaa, ikaja amina nyingine. Moja, nyembamba, ya puani. Imechelewa. Sikutazama imetoka wapi.

Ungefikiri nilishuka kama mshindi. Nilishuka nikitazama zulia. Nilihisi kama mtu aliyeoga barabarani. Wengine walikuwa wamenihurumia na wengine wamenichukia, na kati ya hao sikujua nani ananiumiza zaidi. Mtoto alianza kutafuta titi. Sikwenda kwenye chumba cha spika. Nilikaa benchi la mbele, nikajifunika kanga ya mama, nikamnyonyesha hapohapo, masikio yanawaka moto, huku mtu mwingine akipanda kushukuru kwa ajili ya kazi mpya.

Mume wangu alirudi na miguu imevimba. Nikamweleza. Alisikiliza akivua viatu.

"Wakasemaje?"

"Amina."

"Wote?"

"Wote. Mmoja alichelewa."

Akamchukua mtoto, akamnyanyua juu kwa mikono miwili kama alivyoona wanaume wa kanisani wakifanya, akamtazama kwa makini yule kipara.

"Habari ya kazi, kuhani?"

Mganda upande wa pili wa mbao akacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikasikia ni kicheko kilekile, sauti ileile, ya siku ile ya gauni lililolowa. Nikakikata katikati. Nikamwomba anipe mtoto.